ZAWADI YA MKONO NA SIKU ISIYONGOJA

Sikukuu inapokaribia, iwe Krismasi, iwe Idd, au arusi ya ndugu, au ubatizo wa mtoto mchanga, mtu apitaye jioni kwenye nyumba za askari huwaona akina mama wameketi vibarazani, kila mmoja na kitambaa magotini na sindano mkononi. Huyu anatarizi foronya za bibi arusi, yule anafuma sweta ya mtoto, na mwingine amejiinamia juu ya vitambaa vya makochi ambavyo pindo zake za kroshia hazijafika hata nusu. Ni picha inayopendeza. Kutoa ni moyo, wala si utajiri, na zawadi iliyotoka katika mikono ya mtoaji ina heshima ambayo cha dukani hakiwezi kuipata.

Hata hivyo, akina mama wenyewe wanajua kwamba picha hiyo ina upande wa pili. Siku zikibaki 5, kisha 3, kisha 1, uzuri wote hugeuka mateso. Chakula huungua jikoni, watoto hukemewa bila kosa, bwana akiuliza jambo dogo hujibiwa kwa ukali, na taa huwaka mpaka jogoo wa kwanza. Zawadi hukamilika, naam, lakini mtoaji huipeleka akiwa na macho mekundu, shingo iliyokakamaa na moyo usiotaka tena kuiona sindano. Pengine zawadi haikamiliki kabisa, nayo hufungiwa sandukuni pamoja na fedheha yake. Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unataka kulichunguza jambo hilo, kwa kuwa amani ya nyumba si kitu kidogo cha kuuzwa kwa bei ya kitambaa.

METHALI MBILI ZINAZOGOMBANA

Wazee wetu walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Wazee hao hao wakasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mshonaji wa zawadi husimama katikati ya methali hizo mbili na zote mbili humchapa. Akienda upesi, mishono hupinda, uzi hukazwa mno, na kitambaa hujikunja kama jani kavu. Akienda polepole, siku humpita.

Hakuna njia ya kuzipatanisha methali hizo usiku wa mwisho. Hupatanishwa mwanzoni, siku ile mtu anapokata shauri la kushona. Yeyote aliyekwisha kufanya kazi hii atakubali kwamba tatizo si uvivu. Wengi wa wanaohangaika mwishoni ni watu hodari, ambao hawakukaa bure hata siku moja. Kosa lao liko katika hesabu.

KWA NINI HESABU ZETU HUTUDANGANYA

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kwamba binadamu, anapokadiria muda wa kazi yake mwenyewe, kwa kawaida hukadiria pungufu. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia maandiko yao ya mwisho. Kila mwanafunzi aliulizwa atamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa siku 33.9. Wastani wa siku walizozitumia kweli ulikuwa 55.5. Waliomaliza ndani ya muda waliojitajia wenyewe walikuwa chini ya theluthi moja.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mtu akikadiria, huiona kazi peke yake: yeye, kitambaa na sindano, katika chumba kilichotulia. Haoni homa ya mtoto, wala mgeni aliyetoka kijijini bila taarifa, wala foleni ya maji, wala jioni ambayo taa imezimika, wala uzi mwekundu uliokwisha dukani. Zaidi ya hayo, yeye husahau kwamba hata mwaka uliopita alichelewa. Husema, "Mwaka jana niliuguliwa," kana kwamba mwaka huu ugonjwa umekwisha kupewa amri ya kutofika.

Tukizitazama hesabu hizo za Kanada, muda wa kweli ulizidi makadirio kwa karibu theluthi mbili. Basi tunaweza kujiwekea kanuni ya nyumbani: kadiria kwa uaminifu, kisha ongeza theluthi mbili. Atakayemaliza mapema hatapata hasara yoyote.

PIGA HESABU KABLA YA KUCHOMA SINDANO

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja anataka kutarizi kitambaa cha meza cha mraba, chenye sentimita 90 kila upande, kikiwa na maua 24 na pindo la kroshia kuzunguka kote. Asianze kwa kununua uzi. Aanze kwa kushona ua moja katika kipande cha kitambaa kikuukuu, huku saa iko mbele yake. Tuseme ua hilo limechukua dakika 50. Maua 24 yatataka dakika 1,200, yaani muda wa saa 20. Kisha ajaribu pindo. Tuseme katika nusu saa amefuma sentimita 12. Mzunguko wa kitambaa ni sentimita 360, kwa hiyo atahitaji nusu saa mara 30, yaani saa 15. Jumla ni saa 35. Akiongeza theluthi mbili, atapata saa 58.

Sasa na ajiulize: kwa kweli nina muda gani? Mama mwenye watoto na jiko akipata saa moja na nusu jioni, siku 5 katika juma, ana bahati. Hizo ni saa 7 na nusu kwa juma. Saa 58 zitamalizika katika majuma 8. Aongeze juma moja la kufua, kukausha, kupiga pasi na kufungasha. Jumla ni majuma 9. Kwa hiyo kitambaa kitakachotolewa tarehe 25 Desemba yafaa kianzwe kabla ya tarehe 23 Oktoba.

Linganisha na desturi yetu. Wengi wetu huanza tarehe 1 Desemba, tunapoona wenzetu wameanza. Ukitoa lile juma la kufua na kupiga pasi, zimebaki siku 17. Saa 58 zikigawanywa kwa siku 17 ni karibu saa 3 na nusu kila usiku, bila kukosa hata usiku mmoja. Hapo ndipo usingizi unapoibiwa, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapozaliwa. Hesabu hii haihitaji elimu kubwa. Yahitaji saa ya ukutani, kipande cha karatasi, na ujasiri wa kuliamini jibu.

Wenye kazi zao za jadi wanalijua jambo hili zamani. Katika pwani, Zanzibar na Lamu, kofia ya mkono hutobolewa matundu madogo madogo kwa kufuata mchoro, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano. Waomani nao wana kofia yao ya namna hiyo hiyo, iitwayo kumma. Kofia nzuri yaweza kuchukua miezi kadhaa. Mwenye kutaka kumvika mumewe au mwanawe siku ya Idd hangoji mwandamo wa Ramadhani ndipo atafute uzi.

ELFU MOJA YA MISHONO

Jamaa za wanajeshi duniani kote wamewahi kushona huku siku ya safari ikiwakimbilia. Mfano wa Japani unafaa kukumbukwa. Tangu vita vya mwisho wa karne ya 19, na hasa katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 na 1905, kisha tena katika vita vya miaka ya 1930 na 1940, mama, mke au dada wa askari alimtengenezea mshipi wa kitambaa wa kujifunga tumboni. Mshipi huo uliitwa senninbari, maana yake mishono ya watu elfu moja. Ulitiwa vifundo 1,000 vya uzi, mara nyingi mwekundu, na kila kifundo kilipaswa kufungwa na mwanamke mwingine.

Mtu aliyeitwa jeshini hakupewa muda mrefu. Katika siku chache tu ilibidi wapatikane wanawake elfu moja. Kwa hiyo jamaa zake walisimama kwenye vituo vya gari la moshi, njia panda na milango ya mahekalu, wakimwomba kila mwanamke aliyepita atie mshono mmoja. Palikuwa na nafuu moja: mwanamke aliyezaliwa katika mwaka wa chui-milia aliruhusiwa kutia mishono kwa idadi ya miaka ya umri wake, kwa kuwa Wajapani walisema mnyama huyo huenda mbali sana na hurudi kwake. Baadhi ya mishipi ilishonewa sarafu kwa ajili ya bahati njema.

Mshipi haukuweza kuizuia risasi, na wengi waliouvaa hawakurudi. Lakini tazama hekima iliyomo katika utengenezaji wake. Mwanamke mmoja akikesha peke yake pengine angeweza kutia vifundo vyote elfu moja. Desturi ilimkataza. Ilimtoa nje, ikamlazimu kuomba msaada, ikaufanya wasiwasi wake kuwa mzigo wa mji mzima. Mama anayejifungia chumbani na kushona huku akilia kwa sababu siku zimekwisha, na majirani zake 4 wenye mikono mizuri wamekaa nje wakizungumza, amelisahau somo hilo.

SOKSI NA KITAMBAA CHA KANISA

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Lord Kitchener, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Uingereza, alimwomba Malkia Mary msaada wa wanawake. Mwaka 1914 Malkia aliwatangazia wanawake kwamba zinahitajiwa jozi 300,000 za soksi na mishipi 300,000 ya kukinga tumbo na baridi, na kwamba kama iwezekanavyo ziwe tayari mapema mwezi wa Novemba. Sindano zilianza kulia nyumbani, makazini na garini. Wengi wa waliofuma walikuwa hawajashika sindano kabla ya hapo.

Soksi ya askari si mapambo. Ikiwa na kifundo chini ya kisigino au mshono uliovimba mbele ya vidole, askari akitembea nayo maili 15 atapata malengelenge, na askari mwenye malengelenge ni mgonjwa. Ndiyo maana wafumaji mpaka leo wanaithamini njia moja ya kuunga ncha ya soksi bila kuacha tuta, nayo inaitwa kwa jina la Kitchener. Funzo lake ni hili: zawadi yenye kuvaliwa mwilini ikifumwa kwa pupa inaweza kumuumiza yule uliyetaka kumfaa. Afadhali jozi moja nyororo kuliko jozi tatu zenye vifundo.

Wala wanaume wasidhani kwamba sindano si kazi yao. Vita hivyo vilipomalizika, askari waliojeruhiwa, wakiwa bado hospitalini, walitarizi kitambaa kikubwa cha kufunika mbele ya altare ya Kanisa Kuu la St Paul's, London. Waliofanya kazi hiyo walikuwa zaidi ya 130, wenyeji wa Uingereza, Australia, Kanada na Afrika ya Kusini. Ibada ya kushukuru kwa ajili ya amani ilipofanyika mwaka 1919, kitambaa hicho kilitumika. Kiliwezekana kwa sababu kazi iligawanywa: kila mtu alitarizi kipande chake kidogo kitandani pake, kisha mafundi wakaviunganisha vipande vyote. Baada ya kuhifadhiwa kwa miaka mingi kilionyeshwa tena kwa watu mwaka 2014. Mikono iliyozoea bunduki ilishona maua, na haikupungukiwa na uanaume wake.

MACHO, MIKONO NA USINGIZI

Tuseme sasa juu ya mwili, kwa maana mwili ndio unaolipa deni la haraka. Mtu anayekodolea sindano husahau kupepesa macho, nayo hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 inua uso, utazame kitu kilicho mbali kwa nusu dakika, mti au paa la nyumba ya jirani. Taa au dirisha viwe upande wa pili wa mkono unaoshona, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kitambaa cheusi na uzi wa rangi iliyokolea vishonwe mchana. Usiku tumia vyeupe. Kushona kwa mwanga wa kibatari kunachosha macho, na moshi wake huchafua kitambaa.

Ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ikikuamsha usiku, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unaopita katika kifundo cha mkono unabanwa. Usiidharau. Pumzisha mkono, usiishike sindano kwa kukaza, na ganzi isipokoma nenda kwa daktari. Shingo nayo huumia kwa kuinama; weka mto magotini ili kazi ikufuate wewe, si wewe uifuate kazi.

Kuhusu usingizi, hapana haja ya maneno mengi. Kila mshonaji amewahi kukesha, kisha asubuhi akakuta safu nzima imekosewa, akatumia muda mrefu zaidi kufumua kuliko aliotumia kushona. Baada ya saa 4 usiku, sindano iwekwe.

SIKU ZIKIWA ZIMEKWISHA KUPUNGUA

Msomaji aweza kusema, "Mashauri haya ni ya mwezi wa Oktoba, nami siku zimebaki 10." Basi fanya hivi. Kwanza, punguza mchoro, usipunguze usingizi. Maua 24 yanaweza kuwa 4, moja katika kila pembe, na kitambaa kikapendeza zaidi kwa utulivu wake. Pindo la kroshia laweza kuachwa, kitambaa kikakunjwa na kushonwa kwa cherehani. Mpokeaji hakuuona mchoro wa kwanza, hatajua kilichopunguzwa.

Pili, gawa kazi. Aliye hodari wa maua atarizi maua, mwenye mkono mwepesi wa kroshia afanye pindo, na binti mkubwa aweza kukunja na kupiga pasi. Leo wanakusaidia wewe, kesho utawasaidia wao.

Tatu, yafanye mwanzo yale yasiyoweza kuharakishwa. Uzi mwekundu na wa bluu huweza kuchuja rangi. Loweka kipande kidogo katika maji kabla ya kuanza, usije ukaona kitambaa cheupe kimekuwa na madoa siku ya mwisho. Sweta ya sufi haianikwi kwa kuning'inizwa kwenye kamba, hunyoshwa juu ya taulo, na majira ya mvua huchukua siku 2 au zaidi kukauka. Tarizi hupigwa pasi kwa kulazwa kifudifudi juu ya taulo nene, ili maua yasilale. Hayo yote yana muda wake, wala hakuna ufundi wa kuyakimbiza.

Nne, jifunze kusema hapana. Mama hodari huombwa na kila mtu, na kwa haya hukubali. Zawadi 2 zilizokamilika zinatosha kuliko 7 zilizoanzwa. Wengine wape ndizi, kuku au mkate uliouoka mwenyewe. Navyo ni kazi ya mkono.

Tano, ikiwa haikuwezekana kabisa, mpelekee mpokeaji zawadi nusu, ukaseme wazi, "Hiki ni chako, nitakimaliza kabla ya Pasaka." Rafiki wa kweli atafurahi. Asiyefurahi, basi hakustahili ukeshe kwa ajili yake.

NENO KWA MABWANA

Nanyi mabwana, askari wa jeshi na wa polisi, ninyi ndio mnaojua tarehe kabla ya watu wengine. Mkipata habari ya likizo, ya kuhamishwa au ya safari ambayo si siri ya kazi, waambieni wake zenu mapema. Mara nyingi mama hukesha kwa sababu ameambiwa usiku wa leo kwamba kesho kutwa mnaondoka, naye alikuwa na sweta mkononi ya kuwapa.

Tena, msaidieni. Bwana akimshika mtoto kwa muda wa saa moja jioni, amempa mkewe saa moja ya kushona mchana bado kweupe, na hiyo ni sawa na saa mbili za usiku. Mwenye kujua kushona kifungo cha sare yake anajua pia kukunja pindo. Na msiulize kila jioni, "Bado tu?" Swali hilo halijawahi kuongeza mshono hata mmoja.

NI NANI UNAYEMSHONEA

Mwisho, ni vema mshonaji ajiulize anamshonea nani. Ikiwa anamshonea dada yake anayeolewa, dada huyo angependa zaidi kumwona ndugu yake amefika arusini akiwa na uso mkunjufu kuliko kupokea foronya 6 kutoka kwa mtu aliyechoka kama aliyetoka lindoni. Ikiwa anamshonea mwanawe, mtoto atakumbuka kama mama alicheka siku ya sikukuu au alikemea, hata atakapokuwa amesahau rangi ya sweta. Lakini ikiwa anashona ili majirani wasije wakasema, basi anamshonea bwana asiyeridhika, ambaye mwaka ujao atataka kikubwa zaidi.

Bandu bandu huisha gogo. Anayetaka kutoa zawadi ya mkono mwaka ujao achukue kalenda juma hili, aitie alama siku ya arusi au ya sikukuu, arudi nyuma majuma 9, na aandike hapo neno moja: "Anza."